Mashini Yako Haijafa, Kuna Mtu Anataka Ife

Ukiambiwa mashini ya boti yako imekufa, uliza kwanza aliyekwambia anakula wapi. Kama anauza mashini, amefanya kazi yake. Kama anakopesha pesa, pia. Kama ni fundi anayelipwa tu akishika spana, naye ana lake. Hapa Lamu sijaona mtu anayepata hata shilingi kwa kukwambia, "Hii ni nzima, safisha kabureta uende zako." Na hapo hapo ndipo manahodha na wavuvi wetu wanapoliwa, huku sisi vijana wa simu tukipiga makofi.

Nasema sisi kwa sababu juzi duka moja, jina naliacha, lilinitaka niwafanyie video. Nisimame gatini kando ya Yamaha iliyochubuka rangi, niicheke kidogo, halafu nihamie kwa mpya inayong'aa niseme, "Usiaibike tena, lipa polepole." Pesa yenyewe ilikuwa tamu, siwadanganyi. Nikakataa. Jamaa akanijibu ndio maana niliacha chuo. Sawa, chuo niliacha. Hesabu sikuacha, na leo tutaifanya hapa hapa.

Lakini wale wa upande wa pili msifurahi mapema. Najua mko. "Mashini ya zamani ndio mashini, hizi za sasa ni karatasi." Nyinyi pia mnaua watu. Mnafunga waya, mnapaka gundi, mnapiga nyundo, mnasema "itafika tu." Amu hapa boti ndiyo matatu, ndiyo lori, ndiyo ambulensi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akitolewa kisiwani usiku, hapandi boda boda, anashushwa kwenye boti. Punda wetu wana sifa zote duniani lakini hawaogelei mpaka Faza. Kwa hivyo tukibishana tengeneza au nunua, tusibishane kama mashabiki wa mpira.

Tuanze na huu uongo wa umri. Mashini nyingi unazoziona hapa ni Yamaha Enduro za stroki mbili. Yamaha ilianza kutengeneza mashini za boti mwaka 1960, na hizi Enduro zimetengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi: kabureta, plagi, kamba ya kuvuta, basi. Hakuna kompyuta ndani. Marekani na Ulaya zimebanwa na sheria za moshi, huku Afrika bado zinauzwa mpya, na sababu moja ni kwamba fundi anaweza kuifungua chini ya mwembe na spana zake akairudisha kabla ya adhuhuri. Mashini ya namna hii haihesabiwi miaka kama maziwa ya paketi. Kinachoiua ni chumvi, joto, na mafuta mabaya. Enduro ya miaka mitano isiyowahi kuoshwa ni mzee kuliko ya miaka kumi na tano iliyotunzwa. Ukiangalia tarehe peke yake huoni kitu.

Na chumvi jameni. Mashini inajipooza kwa kunywa maji ya bahari. Ukiizima, maji yanatoka lakini chumvi inabaki ndani kwenye vijia vya maji, inakauka, inakuwa kama ukoko wa sufuria. Kila siku ukoko unaongezeka, njia inabana, mashini inapata joto. Siku moja pistoni inashika katikati ya mkondo wa Mkanda, na wewe unasema "imezeeka." Haijazeeka. Imezibwa koo.

Dawa inajulikana: iwashe kidogo kwenye maji matamu ukirudi. Kitabu cha mashini kinasema hivyo na wauzaji wanarudia kama kasuku. Lakini hakuna anayesema maji hayo yatoke wapi. Kuna vijiji kisiwa cha Pate ambako watu wametegemea maji ya mvua ya kwenye jabia miaka na miaka. Nenda kamwambie mama wa pale kwamba maji ya watoto yanaenda kuoshea Yamaha, halafu uniambie alikujibu nini. Ninachokiona kinafaa ni pipa moja kwa boti kadhaa. Shusha mguu wa mashini ndani, maji yapite sehemu ya kunyonyea, iwashe dakika kumi bila kuiwekea gia, toka, mwenzako aingize yake. Maji yale yale yanatumika mpaka yawe na chumvi ya kuonja, kisha mnabadilisha. Si kamili, ila ni bora mara mia kuliko kulala na chumvi. Pipa la plastiki na maji yake bei yake ni ngapi, na mashini mpya ni ngapi?

Sasa nawapa ya nyumbani. Ami yangu ana Yamaha 40, imeshapita miaka kumi na tano. Ilianza kukosa nguvu. Ikibeba watu wanne sawa, ikibeba kumi inalia tu, boti haiinuki. Akaenda dukani kuuliza spea. Kijana wa duka hata hakuja kuiona. Akiwa nyuma ya meza akamwambia, "Mzee, hiyo imekwisha. Lete tuikate bei, tukupe mpya, ubaki na deni dogo tu." Ami akarudi nyumbani na fomu mkononi. Nikamwambia, "Ami, kabla hujaweka sahihi, wacha kwanza ipimwe." Akanitazama vile wazee hutazama mtu aliyeacha shule. Lakini alikubali.

Fundi wa Langoni akaja na geji ya kompresheni. Akatoa plagi, akaifunga geji kwenye tundu, akavuta kamba mara kadhaa, akasoma. Silinda zote mbili zilikuwa karibu sawa, na namba yenyewe ilikuwa nzuri. Akasema, "Moyo ni mzima. Tutafute kwingine." Kwingine kulikuwa kabureta moja imeziba kwa uchafu wa mafuta ya jerikeni, yaani silinda moja ilikuwa inashinda na njaa, na impela ya pampu ya maji imekakamaa. Kusafisha, impela mpya, kichujio cha mafuta, siku moja. Boti inainuka na watu kumi. Ile fomu ya deni, watoto wameichorea samaki.

Msinielewe vibaya, sisemi kila mashini iko hivyo. Nasema ile geji ilimaliza mabishano ambayo yangemgharimu ami miaka miwili ya maisha yake. Na ni kifaa kidogo tu! Silinda mbili zikisoma mfano 110 na 105, mashini inazungumza lugha moja. Zikisoma 110 na 70, kuna ringi zimekwisha au silinda imechubuka, na hapo unaanza mazungumzo mengine. Mafundi wengi wanachukulia tofauti ikipita asilimia 10 hadi 15 kwamba kuna shida ndani. Hiyo si siri ya wahandisi. Kwa nini basi nahodha aliyekaa baharini miaka thelathini hajawahi kuambiwa namba za mashini yake?

Kwa sababu hatulipi mtu apime. Hili ndilo linaloniuma hasa. Sisi Wakenya tunaona kuangalia ni bure. "Fundi, hebu niangalizie tu." Halafu tunategemea huyo fundi, ambaye ameacha kazi yake, ametembea juani, amechafuka, aseme ukweli ambao hautamlisha. Akisema ni kabureta, anapata kidogo. Akisema ni oveholi, anapata ya mwezi. Mimi siwatukani mafundi, wengi ni watu wa haki kuliko hata wanasiasa mnaowabeba mabegani. Lakini ukimwekea binadamu mtego wa njaa usishangae akinasa. Lipa kupima kama unavyolipa daktari kukuona. Daktari akikwambia huna kitu, hurudi kudai pesa yako. Ukishamlipa fundi kwa kupima peke yake, yuko huru kukwambia "usifanye kitu." Na yuko huru pia kukwambia "zika."

Kuna vitu unaweza kuangalia mwenyewe kabla hujamwita. Fungua boliti ya chini ya mguu, mwaga oili ya gia kidogo kwenye kopo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yanaingia, sili imekufa. Sili ni kitu kidogo. Ukiiacha, inakula gia zote, na hapo ndipo kitu kidogo kinakuwa kitu kikubwa. Ukiwa unawasha, tazama yale maji yanayoruka nyuma, wengine tunasema mashini inakojoa. Yakiwa dhaifu au yamekatika, zima. Usiseme "nifike tu Shela." Toa plagi uzitazame. Moja kavu ya kahawia na nyingine nyeusi inayong'aa mafuta, basi silinda mbili hazili sawa. Na uliza anayekuchanganyia petroli na oili anapima kwa nini. Kwa macho? Stroki mbili haina oili nyingine zaidi ya hiyo iliyo kwenye petroli. Akikosea, umemaliza.

Haya, hesabu niliyowaahidi. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu. Mvuvi ana mashini ya farasi 15. Anauziwa mpya ya stroki nne kwa mkopo, tuseme 200,000, riba asilimia 20 kwa mwaka juu ya pesa yote, miaka miwili. Anarudisha 280,000. Kwa mwezi ni karibu 11,700. Muuzaji anamwambia, "Itajilipa kwa mafuta." Ni kweli stroki nne inakula kidogo. Tuseme anaokoa lita moja na nusu kwa saa, anaenda na kurudi saa mbili, akifika anatega nyavu na kuzima. Hizo ni lita 3 kwa siku. Petroli tuweke 180, ingawa 2023 tuliiona ikipita 200. Shilingi 540 kwa siku. Akitoka siku 15 kwa mwezi, 8,100. Haijalipa mkopo, na huo ni mwezi mzuri. Juni na Julai kusi ikichafuka atatoka siku ngapi? Sita? Ameokoa 3,240, na ujumbe wa kudai 11,700 umeshaingia kwenye simu. Mkopo haujui kusi. Mkopo haujui kaskazi. Unajua tarehe.

Sasa mchukue mtu mwingine. Nahodha wa abiria, mashini ya 40, anakimbia saa tano kwa siku karibu kila siku. Kuna kanuni ya zamani ya mafundi kwamba ukifungua mafuta yote, kila farasi kumi hula kama galoni moja kwa saa, galoni ya Marekani, lita 3.8. Yaani 40 inameza kama lita 15, na stroki mbili iliyochoka inazidi hapo. Huyu akiokoa lita 3 kwa saa ni lita 15 kwa siku, shilingi 2,700. Siku 24, ni 64,800. Huyo mwambieni anunue! Hata kama yake ya zamani bado inapumua. Mkopo wa mashini kubwa ni mkubwa zaidi, lakini hapo kuna kitu cha kuulipa. Mmeona? Swali ni moja, majibu mawili, na hakuna aliyetaja rangi iliyochubuka wala aibu. Saa za kazi ndizo zinaamua.

Ila akinunua ajue anaoa ukoo mzima. Stroki nne ni nzito zaidi, kwa hivyo boti nyembamba nyuma itakaa chini, ipimwe kwanza. Nyingi za nguvu kubwa zina mfumo wa umeme wa kupulizia mafuta, na hapo spana na mwembe havitoshi, anahitajika mtu na kompyuta yake kutoka mbali. Na jina la mashini si ushahidi wa kesho. Evinrude, jina lililotokana na Ole Evinrude aliyetengeneza mashini yake ya boti mwaka 1909, lilikuwa jina kubwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2020 wenye kampuni, BRP, wakaacha kuzitengeneza. Zaidi ya miaka mia! Sasa wewe unanunua jina ulilolisikia mara ya kwanza kwenye video ya sekunde thelathini, kwa sababu ni rahisi. Kabla hujalipa, muulize muuzaji akuonyeshe impela yake. Asikwambie "zitakuja," aitoe kwenye rafu uishike. Pamoja na gasketi, kabureta na sili. Kama rafu ni tupu, unanunua chuma chakavu kilichopakwa rangi mapema.

Sasa wa gundi, zamu yenu. Mashini ambayo bloku yake imeliwa na chumvi mpaka maji yanavuja kuingia silinda, hiyo imekwisha. Mguu uliopasuka ukachomelewa, ukapasuka tena, umekwisha. Ukitengeneza ugonjwa ule ule mara ya tatu, hukuwa unatengeneza, ulikuwa unalipa kodi. Na mimi mstari wangu wa pesa ni nusu. Spea na kazi zikifika nusu ya bei ya mashini nzuri mkononi, kaa chini ufikirie sana. Hata hivyo kuna jambo liko juu ya pesa: unaenda bahari gani? Mashini inayokosa kosa kidogo, kwa mtu anayevusha watu Amu na Shela mchana, boti zingine zikipita kila dakika, ni kero. Mashini ile ile nje ya mwamba, mwezi wa saba, kusi imechacha, mawimbi yanakusukuma kwenye miamba, ni mauti. Jirani yetu alizimikiwa nje huko na mashini iliyokuwa "inatengenezwa" tangu mwaka uliopita. Alishukuru Mungu alikuwa na tanga. Walirudi usiku, wanne, midomo imepasuka kwa kiu. Mwenye boti asubuhi akamwita fundi yule yule. Huyo mwenye boti haendi baharini, nawakumbusha. Anapokea hesabu jioni. Wanaosema "itafika tu" kwa sauti kubwa mara nyingi hawamo botini.

Kwa hivyo mabaharia, nyinyi mna haki ya kuuliza namba kabla ya kupanda. Life jaketi mnaulizwa, mashini je? BMU zetu zina mamlaka ya kuweka taratibu zao za ufukweni. Kupima kompresheni mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na kabla ya kaskazi, na namba ziandikwe ukutani kwenye banda la samaki kila mtu azione, ni jambo la kikao kimoja. Mwenye boti akikataa ziandikwe, mmeshajua namba zake.

Na hizi mashini za kugawiwa, maana najua 2027 inakuja na mtaziona zimepangwa mstari zikiwa na utepe. Chukueni. Lakini siku hiyo hiyo, mbele ya kamera, muulizeni mheshimiwa pampu ya pili iko wapi, na nani amefundishwa kuifungua. Mashini moja ya kikundi cha watu ishirini bila mfuko wa spea ni ugomvi wa watu ishirini.

Kuna mtu ataandika hapa chini, "Si anunue mtumba wa Dubai?" Anunue, kama umepimwa kwa geji mbele yake, umewashwa ndani ya maji na si juu ya meza, oili ya gia imemwagwa akaiona, na namba ya mashini haijakwaruzwa. Namba ikikwaruzwa, hiyo mashini ina mwenyewe anayeitafuta. Usiiguse hata kwa bei ya bure.

Na ukinunua mpya, ya zamani usimpe yule kijana wa duka aikate bei. Wanaichukua kama takataka, wanaiuza kama spea. Kabureta ile, koili ile, propela ile, ni akiba yako. Ifungue, ipake grisi, iweke chini ya kitanda.

Nimeongea na fundi wa Langoni tukakubaliana. Kupima ni shilingi 500, iwe mbovu iwe nzima. Anakuandikia kwenye karatasi: kompresheni ya kila silinda, oili ya gia, pampu ya maji, hali ya mguu. Ukitaka kutengeneza kwa fundi mwingine ni sawa, karatasi ni yako. Jumamosi hii maji yakipwa, boti zikiwa zimekaa mchangani, atakuwa upande wa chini wa gati na mimi nitakuwa naandika. Njoo na plagi zako za zamani, usizitupe, na kopo la kumwagia oili. Mwenye pipa la kuazima aniandikie leo.